Zizi Moja kwenye Skrini Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Darasa tena. Majina yapo, watu hawapo. Vidirisha vyeusi vitupu, kama nyumba iliyohamwa.

Nimefundisha minyoo ya kondoo. Nimeuliza swali, kimya. Nimemwita Daudi wa Kibaigwa, kimya. Nimemwita mwingine: "Madam, mtandao unasumbua." Mtandao gani, wakati nasikia mtu anamwomba nusu kilo ya sukari na yeye anapima?

Chuo kiko Mpwapwa. Mimi niko Dodoma, mezani pangu pa kulia chakula. Wao wametawanyika vijijini kwao. Cheti cha afya ya mifugo kwa njia ya simu. Chuoni watafika kufanya mitihani tu, kisha watapewa sindano waende kuwachoma ng'ombe wa watu. Watawaua.

Leo niliinyanyua kompyuta niibamize ukutani. Nikakumbuka ni mali ya chuo. Nikabamiza mlango.

Jumatano, 5 Machi

Nimejaribu kila walichotufundisha kwenye semina. Vipindi vifupi. Maswali ya kubonyeza jibu. Makundi madogo madogo. Niliingia kwenye kundi moja nikakuta watu wamenyamaziana kama wakwe. Nikauliza mmefika wapi. Mmoja akasema bado wanajipanga.

Jioni sokoni walikuwa wanampiga mwizi wa simu. Mawe, mateke, mama mmoja na kandambili yake. Nilipita upande wa pili wa barabara na nyanya zangu. Nikajisemea anastahili. Nina hasira na kila mtu wiki hii.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata. Wazo lilinijia asubuhi nikipiga mswaki. Watu hawa wana simu, na wana mifugo. Mimi nawaonyesha ng'ombe wa kwenye vitabu wakati ng'ombe wa kweli wanawapumulia mgongoni. Basi sifundishi tena peke yangu. Kila kipindi mmoja anafungua kamera zizini kwao, anashika mnyama, wenzake wanamhoji. Asiyeuliza hana alama.

Leo tumeanza na mbuzi mwenye jipu. Jipu limepasuliwa mbele ya darasa zima, usaha ukaruka mpaka kwenye simu. Wamepiga kelele. Wamecheka. Kamera zikaanza kufunguka zenyewe, mmoja mmoja. Nimeziona nyuso zao kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze. Yule wa sukari ana mtoto mgongoni. Mwingine ni mtu mzima kabisa, ana mvi, na muda wote huu nilikuwa namfokea kama kijana.

Nimefurahi kipumbavu. Nimejipikia kuku.

Jumatatu, 10 Machi

Zamu ya Stella, wa Gulwe. Somo: kupe wa masikioni, wale wanaoleta ugonjwa wa ndigana kali. Baba yake, Mzee Yona, alimshikia ng'ombe. Mzee mrefu, hana jino la mbele. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akichungulia nyuma ya simu kunitafuta. Darasa likacheka. Naye akacheka.

Ng'ombe jike mwekundu, mkubwa, ana mimba. "Huyu wetu ndiye mpole kuliko wote," Stella akasema. Akaligeuza sikio. Kupe wamejazana kama kunde.

Hapo Daudi akafungua maiki. Daudi, ambaye hata sauti yake nilikuwa siijui. Akaomba simu isogezwe. Sikio la kushoto. Karibu zaidi. Akauliza hayo mapengo mawili yamekatwa au yamechanika. Stella akasema yamekatwa, ni alama, ng'ombe alikuja nayo hapo akiwa bado mtamba, hajazaa. Nikamsifu Daudi mbele ya wote. Nikasema hayo ndiyo macho ya daktari wa mifugo.

Jumatano, 12 Machi

Mkuu wa idara amepiga simu. Ameitazama rekodi. Anataka niwafundishe walimu wengine mbinu yangu. Mbinu yangu. Nimezunguka nyumba nzima nikilitamka hilo neno.

Daudi ameniandikia pembeni. Anataka kufika kwa Stella Ijumaa, wakati wa kuwaogesha ng'ombe dawa, ashike mwenyewe. Anasema simu haitoshi. Ameuliza zizi liko upande gani. Nimemwelekeza kama Stella alivyotueleza siku ile: ukivuka reli, nyumba ya mwisho kabla ya korongo. Mwanafunzi wa namna hii unampa hata nauli.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeuandika mstari wa kwanza mara tatu nikaufuta. Naandika hivyo hivyo.

Stella aliiegemeza simu kwenye mti wa uzio. Mzee Yona ana bomba la dawa mgongoni, anapulizia. Darasa limejaa. Kidirisha cha Daudi kikafunguka. Nikaona uzio. Nikaona ng'ombe. Nikaona mgongo wa Mzee Yona na lile bomba. Zizi moja kwenye skrini mbili, huku kwa mbele, huku kwa nyuma. Nikasema, karibu Daudi, kumbe umefika. Nilikuwa natabasamu.

Nyuma yake wakaingia ndugu zake wawili. Mmoja na fimbo, mmoja na mpini wa shoka. Daudi ameshika simu, anarekodi.

"Mzee, ng'ombe hawa umewatoa wapi?"

Mzee Yona akauliza wao ni akina nani. Alikuwa amenyanyua mikono, kama mtu anayezuia mlango.

"Watoto wa Mzee Lameck wa Kibaigwa. Ng'ombe wa baba yetu waliibwa. Huyu mwekundu ana alama yetu. Sema nani kakuletea."

Aliposikia Lameck, akaishusha mikono. Akanyamaza. Nimeona kwenye skrini zote mbili. Na mimi, mshenzi, nikawaza: kumbe kweli kaiba.

Fimbo ya kwanza ilimpata shingoni. Bomba likapasuka, dawa ikamwingia machoni. Akapiga magoti. Wakampiga mgongo, mbavu, kichwa. Mpini ukitua kwenye mfupa wa mtu unalia kama kuni kavu. Sema. Hasemi. Sema. Hasemi. Stella alimrukia mmoja akamng'ata mkono, naye akakunjwa mkono wake mpaka akapiga ukelele ambao bado nausikia. Akasukumwa kwenye miiba. Ng'ombe wakavunja uzio. Simu ya Stella ikaanguka, ikabaki inaonyesha mawingu. Ya Daudi ikaendelea.

Mimi nilikuwa napiga kelele mezani pangu, Dodoma. Acheni. Acheni. Sauti yangu ilikuwa inatokea kwenye simu iliyolala kwenye mavi ya ng'ombe. Darasani wengine wanalia. Wengine wanasema, mzee si aseme tu. Hakuna aliyetoka. Nilitaka washiriki. Wameshiriki.

Niliwapigia polisi. Majirani walifika kabla yao.

Jumamosi, 15 Machi

Hospitali. Nimekuja na basi la kwanza.

Mzee Yona hana uso. Kuna uvimbe, na katikati ya uvimbe kuna mdomo. Mbavu zimevunjika, anakojoa damu. Stella mkono umefungwa plasta. Shikamoo yake ilitoka kwa mazoea tu, macho yake hayakunigusa. Mama yake amekaa sakafuni karibu na kitanda, ameshika unyayo wa mumewe.

Kuna askari mlangoni. Daudi na nduguze wako mahabusu, lakini wamemshtaki mzee kwa wizi wa mifugo, na ushahidi wanao. Ni rekodi ya darasa langu. "Huyu wetu," inasema sauti ya Stella. Nilimuuliza Stella kama ng'ombe ni wao. Akasema aliamka asubuhi moja akawakuta zizini, na mtoto haulizi ng'ombe wa baba wametoka wapi. Mama yake naye akasema mumewe alimwambia asiulize, naye hakuuliza. Askari akamuuliza mzee mwenyewe. Mzee akageuzia kichwa ukutani. Kukigeuza tu kulimtoa machozi kwa maumivu.

Vijana wa Gulwe wamezichoma pikipiki za kina Daudi. Wanasema zamu ijayo ni nyumba ya Lameck, na Lameck ndani yake. Kwenye grupu la darasa nusu wanataka Mzee Yona afe, nusu wanataka Daudi afe. Hawajawahi kuandika kwa wingi namna hii.



Jumapili, 16 Machi

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa naiona ile mikono ikishuka.

Halafu nikamkumbuka babu, mzaa baba. Zizini kwake palikuwa na ng'ombe wachache tu, watu wakamwona maskini. Wengine walikuwa kwa marafiki, mbali. Ndivyo wazee wetu wa Kigogo walivyozoea. Unampa rafiki ng'ombe akutunzie. Yeye anakunywa maziwa, wewe mali inabaki yako. Ukame ukiua huku, kule wanapona. Na mwenye kijicho hajui una wangapi. Baba yangu mwenyewe hakujua wote waliko mpaka babu alipokaribia kufa. Mtunzaji hasemi. Akisema, urafiki umekwisha.

Mzee Yona hakunyamaza kwa sababu ya hatia. Alinyamaza kwa sababu ametajiwa jina la rafiki yake.

Nimetoka katikati ya wimbo. Nakwenda Kibaigwa.

Jumatatu, 17 Machi

Nyumba ya Mzee Lameck iko nyuma ya soko la mahindi. Malori yananguruma mpaka sebuleni. Mzee mdogo wa umbo, koti limepigwa pasi. Nilimwamkia, nikakaa, nikamuuliza bila kuzunguka: ng'ombe walioko Gulwe ni wako, ulimpa Yona akutunzie?

Akasema ndiyo.

Wanawe walitaka auze zizi zima wanunue lori. Walimsonga asubuhi na jioni. Akawahamisha wale wazuri usiku usiku mpaka kwa Yona, kisha akawaambia wanawe wameibwa. Akamwapisha Yona: wanangu wasijue, hata wakija wenyewe kukuuliza. "Tumetunziana tangu ujana," akasema. "Na mimi nimewahi kutunza wake."

Nikamwambia rafiki yako anakufa. Twende polisi ukaseme sasa hivi.

Akasema akisema hivyo wanawe wamekwisha. Leo wanaweza kujitetea kwamba walimpiga mwizi. Akifungua mdomo, wamempiga mtu asiye na kosa. "Ni wanangu, mwalimu."

Nilitaka kumkaba. Mtu wa umri wa baba yangu, na mikono yangu ilikuwa imeshanyanyuka kutoka magotini. Nilichukua kikombe cha chai alichonikaribishia nikakipasua ukutani kwake. Mkewe alikuja akaokota vipande.

Nimepita polisi nikaeleza yote. Wameandika maelezo yangu. Lakini ng'ombe si wangu. Wanasema mwenyewe aje.

Jumanne, 18 Machi

Hajaenda. Nampigia, hapokei.

Nimeahirisha darasa. Mkuu wa idara kaniuliza, kwa upole, kama ile semina ya mbinu bado ipo. Nimemkatia simu.

Kuna mtu ameikata ile video, ameisambaza. Jirani yangu kaiona saluni, akaja kuniuliza kama ni kweli ni darasa langu. Nimemfungia mlango usoni. Namchukia Lameck. Namchukia Daudi. Najichukia na sauti yangu kwenye ile rekodi, karibu Daudi, kumbe umefika.

Jumatano, 19 Machi

Mzee Yona amefariki asubuhi.

Stella aliandika kwenye grupu maneno mawili tu. Baba amefariki. Chini yake mtu akaandika: mwizi. Nimemtoa huyo mtu. Kisha nikaipiga simu yangu sakafuni. Kioo kimepasuka na bado inafanya kazi, ujumbe wa pole unaendelea kuingia.

Amekufa nalo, agano lake na Lameck. Walimvunja kila kitu isipokuwa hilo.

Jumamosi, 22 Machi

Mazishi, Gulwe. Watu walijaa mpaka kwenye reli. Wengine walikuja kuzika. Wengine walikuja kumtazama mwizi akizikwa, niliwasikia kwa masikio yangu. Vijana wana fimbo kana kwamba wanakwenda machungani.

Mchungaji alikuwa bado anasoma, Mzee Lameck akatokea. Peke yake, kwa miguu kutoka barabarani. Lilelile koti. Watu walipomtambua kukawa na mngurumo. Jiwe likampata kwenye paji. Hakujipangusa. Akasimama karibu na jeneza, damu inamwingia jichoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ng'ombe ni wangu. Nilimpa Yona anitunzie, nikamwapisha asiwaambie wanangu. Hakuiba. Wanangu wameua mtu kwa uongo wangu. Natoka polisi kusema hivyo hivyo."

Vijana wakamwangusha. Mateke, fimbo, vumbi. Nilisikia jino likivunjika. Sikwenda kumwokoa. Nilisimama pale pale, na moyoni nilikuwa nasema wampige. Siku tano alichelewa. Wampige.

Aliyekwenda ni mama yake Stella. Aliacha jeneza, akapenya katikati ya fimbo, moja ikampata begani, akamfunika Mzee Lameck kwa khanga yake mwenyewe. Akawaambia, "Niacheni nimzike mume wangu."

Wakaacha. Tukazika. Hakuna aliyelitamka tena neno mwizi.

Jumatatu, 31 Machi

Nimekuja Gulwe kuleta rambirambi ya darasa. Kesho ninaanza tena kufundisha. Nimeandaa somo la kutibu vidonda, nitachora kwa mkono. Sitamwomba mtu anionyeshe kwao. Zizi ni la watu, si la darasa.

Nimemkuta Mzee Lameck, bandeji kichwani. Alikuwa amekuja na wazee wawili. Amesema ng'ombe wote wabaki hapa, pamoja na ndama aliyezaliwa juzi. Ni fidia, kwa taratibu zetu. Wazee wakaitikia kwamba ni haki.

Mama yake Stella amekataa. Hakupandisha sauti. Amesema, "Nikiwapokea, kesho watu watasema Yona alikuwa anawataka tangu mwanzo. Ulimpa atunze. Ametunza. Wachukue ng'ombe wako."

Wazee walimsihi. Akaingia ndani.

Lori lilikuwa linasubiri barabarani. Mzee Lameck hana mtoto wa kumsaidia kuswaga, wote wako gerezani wanangoja kesi. Ng'ombe hawamjui tena. Aliwatoa zizini, wakarudi. Akawatoa tena, wakazunguka nyumba wakarudi kwa nyuma. Alisimama katikati ya uwanja, anahema. Sisi wote tulikaa tukimtazama.

Stella alikuwa anaosha vyombo kwa mkono mmoja. Akaviacha. Akajifuta kwenye kitenge, akafungua mlango wa zizi, akatangulia mbele bila kugeuka, akiwaita kwa ulimi kama wanavyoitwa hapo kila siku. Wakamfuata. Mzee Lameck akaja nyuma yao amembeba ndama kifuani. Walivuka reli hivyo, msichana mbele, mzee nyuma. Nililisikia lori likifungwa, kisha likiondoka.

Stella amerudi, ameosha mikono, amemaliza vyombo. Halafu ameniuliza kipindi cha kesho ni saa ngapi. Nimemwambia saa nne.